QR ya Dukani Inagoma? Twende Dalili Moja Moja

Hii ni kwa mwenye duka, saluni, mgahawa, famasi, hata banda la chipsi, mwenye ile stika ya QR kaunta ambayo wateja wanaiangalia tu kama pambo, au wanajaribu mara mbili halafu wanasema "boss hii yako mbovu, nitajie tu namba". Nikwambie mapema, QR yenyewe mara chache sana ndiyo mbovu. Ile ni maandishi yaliyochorwa kwa vimiraba basi, haina betri wala haiexpaya yenyewe, mfumo ni uleule tangu 1994 pale Denso Wave ya Japani walipoutengeneza kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Kinachoharibika ni kile kilicho nyuma yake (linki, faili, akaunti) au kilicho mbele yake (karatasi, mwanga, umbali, simu ya mteja). Kwahiyo kabla hujarudi steshenari kuprinti tena upya, ujue kwanza tatizo liko upande gani.

Tafuta simu tatu tofauti, na moja iwe ya bei ya chini kabisa, sio zote iPhone za marafiki zako. Zima Wi-Fi ya dukani, tumia bando la simu kama mteja atakavyotumia. Skani ukiwa umesimama au umekaa palepale mteja anapokuwa, halafu angalia kinachotokea. Kuanzia hapo nenda kwenye dalili yako.

"Kamera inaangalia tu, haishiki kitu"

Kama simu zote tatu zimegoma, tatizo liko kwenye karatasi. Kama imegoma moja tu, tatizo ni simu, na hilo nalifikia chini.

Kwenye karatasi mchawi wa kwanza ni ukubwa. Watu wanabana QR kwenye kona ya bango ili picha ya kuku ipate nafasi, halafu bango linapandishwa juu ukutani. Kanuni ya mtaani inayofanya kazi ni kugawa umbali kwa 10: mteja akiwa sentimita 30 kutoka kwenye stika, sentimita 3 upande mmoja zinatosha, lakini akiwa mita 2 unahitaji sentimita 20, na hapo ndipo wengi wanapofeli kwasababu wameprinti ya sentimita 5 wameiweka nyuma ya kaunta kule juu pembeni ya leseni ya biashara. Chini ya sentimita 2 usiende kabisa.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui, linki ikiwa ndefu vimiraba vinakuwa vingi. QR ndogo kabisa ina vimiraba 21 kwa 21, kubwa kabisa ni 177 kwa 177. Sasa chukua stika ya sentimita 3: ikiwa na vimiraba 25 kila upande, kila kimoja kina milimita 1.2, simu yoyote inasoma. Stika hiyohiyo ukiweka linki ndefu uliyokopi Facebook yenye herufi na alama za ajabu mpaka mwisho wa dunia, unafika vimiraba 57, kila kimoja nusu milimita tu, na simu yenye kamera ya kawaida inaona ukungu. Dawa ni kufupisha linki, futa kila kinachoanzia kwenye alama ya kuuliza kama ukurasa bado unafunguka bila hicho.

Wa pili ni nafasi nyeupe. Pembeni ya QR pande zote nne lazima kuwe na uwazi wa upana wa vimiraba vinne angalau, simu inautumia kujua mchoro unaanzia wapi. Mafundi wa grafiki wanapenda sana kuipiga fremu nyeusi inayogusa, au kukata stika palepale ukingoni, au kuiweka juu ya kitenge. Ukiona hivyo usitafute sababu nyingine, anza na hiyo.

Rangi nayo. Vimiraba viwe vyeusi au rangi nzito, nyuma pawe peupe au rangi nyepesi. Njano juu ya nyeupe haisomeki hata ikiwa ndiyo rangi ya biashara yako. Na ile ya kugeuza, vimiraba vyeupe kwenye kitu cheusi, inapendeza kweli lakini baadhi ya simu zinaikataa, na hujui mteja gani atakuja na simu ipi.

Logo katikati inaruhusiwa ila kwa adabu. QR zina akiba ya kujirekebisha, ngazi nne: L inavumilia uharibifu wa kama asilimia 7, M 15, Q 25, H 30. Ukitaka logo chagua H wakati wa kutengeneza, na logo usiifanye kubwa, maana akiba ileile ndiyo inayotakiwa kufunika mafuta ya chipsi, mikwaruzo na kona iliyochanika. Ukiimaliza yote kwa logo, tone moja la mchuzi limekumaliza. Na ile miraba mitatu mikubwa ya kona usiiguse kabisa, ndiyo simu inayoitafuta kwanza.

Mengine ni ya fundi na mazingira. Uliituma kwa WhatsApp kama picha, ikabanwa, steshenari wakaivuta ijae A4, ikatoka na kingo zenye ukungu: tuma kama dokumenti, na kama kuna chaguo la kupakua SVG au PDF chukua hilo badala ya kupiga skrinshoti. Au waliivuta upande mmoja ikawa mstatili, hiyo rudisha wairekebishe, QR lazima ibaki mraba. Au umeipiga laminesheni ya kung'aa na juu yake kuna taa, mteja anaona mwanga tu, jaribu kuinamisha stendi kidogo, ikisoma umeshajua, next time chukua laminesheni isiyong'aa. Au imebandikwa kwenye chupa ya mviringo, nusu imezunguka nyuma, hapo ipunguze ili yote ionekane upande mmoja kwa wakati mmoja. Na ukiprinti kwenye karatasi ya risiti, ile inayochapa kwa joto, usitegemee ikae dirishani, jua likiipiga inafifia yote.

"Kwangu inasoma, kwa mteja haisomi"

iPhone zinasoma QR kwa kamera ya kawaida tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Android inategemea. Kuna simu nyingi mtaani ambazo kamera yake haina hiyo kazi, mteja anaelekeza anasubiri hakuna kinachotokea, anadhani duka lako ndilo lenye shida. Mfundishe kijana wako wa kaunta njia mbili: kwanza Google Lens, ambayo kwenye simu nyingi ipo hata kama mwenyewe hajawahi kuifungua, pili kwenye Android 13 kuendelea ashushe paneli ya juu atafute kitufe cha kuskani QR. Simu nyingine kamera yake haijifokasi, ukiisogeza karibu ndio inaharibu zaidi, kwahiyo mwambie arudishe simu nyuma kidogo, sio asogeze. Inaonekana kichekesho lakini kwa kweli hiki peke yake kinatatua kesi nyingi. Na lensi ifutwe, jamani, mkono uliotoka kula samaki.

Kuna pia wale wanaotumiwa QR kwa WhatsApp, "skani hii ulipie", wakati simu ni hiyohiyo moja. Ataskani na nini? Anaweza kuifungua picha kwa Lens, au kama app ya malipo inaruhusu aichague kutoka kwenye galari, lakini wewe muuzaji ukimtumia mtu kwa simu tuma linki au Lipa Namba, QR waachie walio mbele yako.

"Inaleta manamba marefu ya ajabu"

Hii inawatisha watu sana na wengi wanakimbilia kusema wamehakiwa. Ukiskani kwa kamera ya kawaida ukaona mstari mrefu unaoanza na 000201, tulia, hiyo ni QR ya malipo, imetengenezwa kwa mfumo wa kimataifa unaoitwa EMV, na haikukusudiwa kufunguliwa na kamera. Inaskaniwa kutoka ndani ya app ya kulipia, ya mtandao wa simu au ya benki, kwenye sehemu yao ya kuskani. Mteja asiye na app hawezi kuitumia, huyo apige *150*00# au menyu ya mtandao wake alipe kwa namba.

Kwahiyo andika juu ya stika, kwa herufi kubwa: "Fungua app yako ya malipo kwanza, kisha skani". Maneno hayo tu.

Na ukiwa mdadisi hayo manamba yanasomeka. Tafuta 5802TZ, maana yake nchi ni Tanzania (Kenya ni 5802KE). 5303834 ni shilingi ya Tanzania, 5303404 ni ya Kenya. Halafu 59 ikifuatiwa na urefu wa jina na jina lenyewe, mfano 5912DUKA LA MAMA, hiyo 12 ni idadi ya herufi ukihesabu na nafasi. Jina mwisho wake herufi 25, ndio maana biashara zenye majina marefu zinatokea zimekatwa. Mwanzoni ukiona 010211 ni QR ya kudumu, mteja anaandika kiasi mwenyewe, ukiona 010212 ni ya muamala mmoja, kwahiyo usiende kuprinti na kubandika ukutani ile iliyotokea kwenye skrini kwa bili moja ya jana, kesho itakataa na utalaumu mtandao.

Mwisho kabisa wa mstari kuna 6304 na herufi nne, hizo ni za kuhakiki. Fundi akikopi yale manamba kwa mkono ili akuchoree QR "nzuri zaidi yenye rangi", akikosea hata nafasi moja tu, hesabu haikubali na app inakwambia QR sio sahihi. Ya malipo usiichezee. Tumia ileile uliyopewa na mtoa huduma, ukitaka urembo remba pembeni.

"App ya mteja inasema haitambui"

Hapa angalia QR yako ni ya mtandao mmoja tu au ni ya pamoja. Tanzania Benki Kuu iliweka kiwango cha taifa kinaitwa TANQR, lengo lake ni QR moja ilipiwe kutoka mitandao na benki tofauti. Kenya nao Benki Kuu yao ilitoa kiwango chao mwaka 2023, KE-QR. Kama stika yako ni ya zamani, ya kabla ya hayo mambo, rudi kwa mtoa huduma aliyekupa umuulize kama kuna mpya ya TANQR akubadilishie. Faida yake utaiona kaunta: badala ya stika tano za rangi tano ambazo mteja anazungusha simu hajui askani ipi, unakuwa na moja. Na kama bado unalazimika kuwa nazo kadhaa zitenganishe, maana zikikaa zimebanana kamera inashika ya jirani.

"Inafungua, lakini..."

Hapa ndipo penye uozo mwingi, na ndio sehemu ambayo mwenye biashara hajui kwasababu kwenye simu yake kila kitu kinafunguka vizuri.

Menyu iko Google Drive, mteja anaambiwa aombe ruhusa. Wewe unaiona kwasababu ndiyo akaunti yako, yeye sio wewe. Ingia kwenye faili, badili iwe mtu yeyote mwenye linki anaweza kuona. Halafu bei zikibadilika usipakie faili jipya pembeni, kwasababu faili jipya lina linki mpya na QR yako itaendelea kuonyesha pilau ya bei ya mwaka jana, na mteja atakung'ang'ania hiyohiyo. Ingia kwenye faili la zamani uweke toleo jipya juu yake, linki inabaki ileile.

Inafunguka ila inazunguka tu mpaka mteja anafunga. Umeweka PDF ya MB 15 yenye picha za kila sahani. Mteja ana bando la saa moja, au halipo kabisa. Menyu ya maandishi yenye bei na picha chache zilizopunguzwa haifiki hata MB 1. Na menyu ya karatasi usizitupe zote, kuna mzee anakuja kula ugali na samaki wake kila siku, huyo umwambie askani?

Inapeleka kwenye "huduma hii imesitishwa" au tangazo la kulipia. Hii ndiyo inayouma kuliko zote. Ulitengeneza QR bure kwenye tovuti fulani, ikaskani vizuri siku za mwanzo, ukaprinti vipeperushi vya kutosha, kumbe ilikuwa ya majaribio. Zile zinazoitwa dainamiki hazibebi linki yako, zinabeba linki yao wao, halafu wao ndio wanamrusha mteja kwako, siku muda wa bure ukiisha wanafunga bomba na vipeperushi vyote vimekufa mkononi mwako. Kujua yako ni ipi ni rahisi: skani, lakini kabla ya kubonyeza soma anwani inayotokea. Kama ni jina lako au wa.me au instagram.com, QR yako ni ya moja kwa moja. Kama ni kijina kifupi usichokijua, kuna dalali katikati. Dalali sio mbaya kama umeamua kumlipa na unataka uwezo wa kubadili linki bila kuprinti upya, ubaya ni kuwa naye bila kujua.

Inafungua Google kutafuta badala ya ukurasa. Mara nyingi uliandika anwani bila https:// mwanzoni, au kuna nafasi imeingia katikati, simu ikaona ni maneno tu.

WhatsApp inasema namba si sahihi. Umeandika wa.me/07 na kuendelea. Haitaki sifuri wala alama ya kujumlisha, inataka 255 (Kenya 254) kisha namba bila ile sifuri, yote pamoja bila nafasi. Na kama ulitumia QR iliyotoka ndani ya WhatsApp Business yenyewe halafu siku moja ukabonyeza kuiweka upya, zile za zamani zote zimekufa, hata kama kwa macho zinafanana.

Ya Wi-Fi inaskani lakini haiunganishi: ulibadili nenosiri ukasahau stika, au nenosiri lina alama kama ; au : au , ambazo kwenye QR ya Wi-Fi lazima zitanguliwe na mkwaju wa nyuma \. Rahisi zaidi weka nenosiri la herufi na tarakimu tupu.

"Mteja amelipa, kwangu haijaingia"

Mambo mawili tofauti hapa msiyachanganye. La kwanza, mteja amelipa kweli lakini kwa QR ambayo sio yako. Wezi wanabandika stika yao juu ya yako, ni kazi ya sekunde, na sio mambo ya huku tu, mwanzoni mwa 2022 polisi wa Austin kule Texas walitoa onyo baada ya kukuta stika za uongo kwenye mita za maegesho ya magari. Kwahiyo kila asubuhi ukifungua duka pitisha kidole juu ya stika, ukisikia kuna tabaka la pili iskani uone jina. Weka QR ya malipo ndani ya kioo au chini ya akriliki, upande wako wa kaunta, sio mlangoni nje. Na jina la biashara linalotokea kwenye simu ya mteja kabla ya kuweka PIN liandike pia kwenye stika ili alinganishe mwenyewe. Kama umesajili kwa jina lako la kitambulisho wakati duka linaitwa kitu kingine, hapo mteja mwenye akili atasita, na yuko sahihi.

La pili, hajalipa. Anakuonyesha meseji au skrinshoti, ana haraka, bodaboda inamsubiri nje. Meseji ya kwenye simu yake sio ushahidi, ushahidi ni ile iliyoingia kwenye simu yako au kwenye app yako ya wakala wa malipo. Kama mwenye simu ya biashara ni wewe na wewe uko Kariakoo unafuata mzigo, kijana wa dukani anathibitisha na nini? Hilo litatue leo, muongeze kwenye laini ya taarifa au mwachie simu ya biashara, maana stika nzuri peke yake haitakusaidia.

"Kila kitu kinafanya kazi, watu hawaskani"

Angalia stika yako: QR tupu, labda na "SCAN ME". Kwanini nikuskani? Nitapata nini? Andika kitu mtu anachokitaka: "Bei zote za kusuka ziko hapa", "Agiza bila kupanga foleni", "Wi-Fi ya bure". Weka mahali mtu anaposubiri, kwenye meza, kwenye kioo cha saluni, sio kwenye mlango ambao watu wanapita mbio au ndani ya kona isiyo na mtandao. Na chini yake weka Lipa Namba au namba ya simu kwa tarakimu kubwa, mwenye kitochi naye ana hela.

Kujua ipi inaleta watu huhitaji kulipia mfumo wowote. Kwenye linki ya WhatsApp unaweza kuongeza ujumbe wa mwanzo: wa.me/2557XXXXXXXX?text=Meza%203 (hiyo %20 ni nafasi kati ya maneno, jenereta zikikusumbua andika tu Meza3). Tengeneza moja ya mezani, moja ya dirishani, moja ya kwenye mfuko wa kubebea, kila moja na neno lake. Mteja akituma unaona moja kwa moja ametokea wapi. Ya dirishani ikikaa mwezi mzima bila meseji hata moja, ibandue, hapo weka bango la bei za leo.